Kwa Mjomba wa Ujiji, aliyekuta kitu kimoja mara nne kwenye simu yangu

Shikamoo Mjomba,

Sikukuu iliyopita, tulipokuwa tumekaa barazani kwako, uliichukua simu yangu ili usikilize taarifa ya habari, ukakuta jina moja, la muziki wa ala usioimbwa, limejipanga mara nne kwenye orodha ya sauti nilizohifadhi. Ukaniuliza kama simu imeharibika. Nilipokujibu kwamba ni nzima na kwamba zote nne nimeziweka kwa makusudi, ulicheka, ukasema hujapata kumwona mtu mwenye akili timamu akinunua kanga nne za rangi moja na jina moja. Kisha ukauliza swali la pili, ambalo lilikuwa zito zaidi: "Na maneno yake yako wapi?" Chai ikaletwa, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mawese, nami sikujibu. Tangu nirudi Tabora nimekuwa nikikujibu kimoyomoyo, na nimeona heri nikuandikie hadharani, kwa sababu wapo wengi wanaoniuliza kama ulivyoniuliza wewe.

Jibu langu linaanzia kwenye meza yako ya kutengenezea redio. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakaa kando ya meza ile, nikikupa bisibisi na pamba yenye spiriti ya kusafishia hedi za redio kaseti, na kila ulipomaliza kazi uliijaribu redio ya mteja kwa kanda mbili zile zile: ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary na ya Sheikh Abdul Basit Abdus Samad, wote wasomaji wa Misri, wote wakisoma sura moja. Ulikuwa ukisema kwamba kanda ya kwanza inakuonyesha kama redio inatamka, na ya pili inakuonyesha kama redio ina pumzi. Al-Husary, yule aliyeirekodi Qur'ani nzima kwa tartili, yaani kisomo cha polepole na kilichopangika, mwaka 1961, aliipa kila herufi haki yake bila haraka wala madoido. Abdul Basit alikuwa akiibeba aya ndefu kwa pumzi moja hadi wateja waliokuwa wakisubiri redio zao wakaacha kuzungumza. Sikukusikia hata siku moja ukisema kwamba kanda moja inatosha kwa kuwa aya ni zile zile. Sisemi, Mjomba, kwamba kisomo ni muziki. Hilo ulinikanya mapema na sijalisahau. Ninachosema ni kwamba sikio nililonalo ulilichonga wewe, nami nimelipeleka mahali pengine.

Kitu ulichokikuta mara nne kwenye simu ni kazi ya Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyefariki mwaka 1750. Aliichapisha mwaka 1741, na wapenzi wa muziki huiita Goldberg kwa kifupi. Inaanza na wimbo mmoja mtulivu, aria, wenye mizani 32 (vipimo vya mapigo), kisha yanafuata mageuzi 30, yaani vipande vinavyougeuza wimbo huo kwa namna mbalimbali, halafu ule wimbo wa mwanzo unarudi kama ulivyokuwa. Mara ya kwanza nilidhani nimedanganywa, kwa sababu nilisubiri kuusikia wimbo wa mwanzo ndani ya mageuzi hayo na sikuusikia. Ilinichukua muda kutambua kwamba Bach hashiki sauti ya juu tunayoipenda. Anachokishika ni mwendo wa sauti za chini, besi kama unavyoiita, na juu yake anajenga nyumba nyingine kila mara. Isitoshe, kila geuzi la tatu, isipokuwa la 30, sauti moja inaifuata nyingine kwa maneno yale yale, kama watoto wa chuoni wanaoanza kuitikia aya kabla mwalimu hajaimaliza, na bado hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Muziki huo uliandikiwa kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa, chenye safu mbili za vibonye. Ya kwanza kati ya zile nne imepigwa kwa kinanda cha aina hiyo na Wanda Landowska, mjini Paris, mwaka 1933. Ya nne ni ya Murray Perahia, ya mwaka 2000, ambayo ni safi na ya upole; nitakuomba uisikilize siku nyingine. Zilizobaki mbili ndizo zilizokuchanganya zaidi, kwa sababu hata jina la mpigaji ni moja: Glenn Gould wa Kanada, aliyezipiga kwa piano.

Gould aliirekodi kazi hiyo mjini New York mwezi Juni 1955, akiwa na miaka 22. Akairudia mwaka 1981 katika studio ile ile, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na miaka 50. Rekodi ya kwanza ina dakika kama 38, ya pili dakika kama 51. Usiseme haraka kwamba kijana alikimbia na mtu mzima akatembea, ingawa kuna ukweli hapo. Bach ameagiza kila nusu ya wimbo irudiwe. Mwaka 1955 Gould hakurudia hata moja, na mwaka 1981 alirudia baadhi, kwa hiyo sehemu ya zile dakika ni ya marudio tu. Lakini aria yenyewe haina kisingizio hicho: kwanza aliipiga chini ya dakika 2, na baadaye ikafika dakika 3. Vibonye ni vile vile na vidole ni vile vile. Nilipozisikiliza kwa kufuatana nilihisi nimemsikia mtu akitoa salamu mlangoni, kisha nikamsikia mtu yule yule akiitoa salamu hiyo baada ya kuzika.

Watu wengi huipenda ya 1981 kuliko ya 1955. Mimi bado sijakubali kabisa. Katika rekodi ile ya pili Gould alitaka mageuzi yote yatoke kwenye pigo moja la msingi, ili mwendo wa kila geuzi uwe na uhusiano wa kihesabu na ule uliotangulia, kama mpiga ngoma anayebadilisha uchezaji bila kuangusha pigo. Nikiwa na utulivu, hesabu hiyo inanishangaza; nikiwa nimechoka, namwona kama muuza duka anayepima sukari. Ile ya 1955 ina makosa ya ujana, ina haraka isiyo na sababu mahali fulani, lakini inacheka. Kwenye geuzi la 25, lile la huzuni, zote mbili zinachukua dakika 6 na kidogo, na hapo sijui kuchagua. Ukiniuliza kwa nini nisibaki na moja: nikiifuta ile nyingine sitaisikia vizuri hata hii iliyobaki.

Kuhusu maneno, Mjomba, wewe ni mtu wa taarabu, na unajua kwamba wapigaji wa Unguja, wale wa Ikhwani Safaa waliojikusanya tangu 1905, huweza kukaa na bashrafu, kipande cha ala tupu, muda mrefu kabla mwimbaji hajasimama. Hujapata kuuliza maneno ya bashrafu yako wapi. Unaifuata fidla, unamsubiri mpiga ganuni, na zikikutana unatikisa kichwa. Ninachokuomba ni kutikisa kichwa hicho hicho kwa muda mrefu kidogo zaidi.

Nimekuwekea pia kitu kisicho na piano, nikikumbuka jinsi ulivyokuwa ukizungumza juu ya sahani za santuri za Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Ni Pablo Casals wa Catalonia, Hispania, akipiga peke yake kazi sita za Bach za selo, ile fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti. Alikuta chapisho la kazi hizo katika duka moja la Barcelona mwaka 1890, akiwa na miaka 13, wakati ambapo wengi waliziona kuwa ni mazoezi ya wanafunzi tu. Kwa maelezo yake mwenyewe alijifunza miaka 12 kabla ya kuthubutu kuzipiga mbele ya watu. Alipozirekodi, London na Paris, kati ya 1936 na 1939, alikuwa anakaribia au amepita miaka 60, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nchi yake ilikuwa vitani. Upande mmoja wa sahani za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba dakika 4 na kidogo, na hapakuwa na mkanda wa kukata na kuunga. Gould, tofauti na yeye, aliacha majukwaa kabisa mwaka 1964 kwa kuamini studio, na aliunga mikanda kama ulivyokuwa ukiunga kanda za wateja kwa wembe na gundi. Casals alikosea, kosa likabaki. Utasikia kidole kikigonga ubao, utasikia upinde ukikwama, na juu ya yote mkwaruzo kama mafuta yanayokaanga dagaa. Wapo waliosafisha rekodi hizo hadi mkwaruzo ukapotea, na sauti ya selo nayo ikafifia. Nimekuchagulia isiyosafishwa sana. Uamuzi huo niliufanya kwa ujasiri wa mtu aliyelelewa na fundi.

Flashi yenye rekodi hizi nimempa binti yako mdogo, anayepanda treni wiki hii. Tafadhali usizipige kwenye sabufa ya wajukuu, kwa maana inavimbisha besi hadi mkono wa kushoto wa mpigaji unakuwa kama lori linalopita. Tumia redio yako ya zamani yenye spika mbili. Chagua saa ambayo mvua haipigi mabati. Hapa Tabora mimi husikiliza alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza. Anza na aria ya 1955, kisha aria ya 1981, halafu simama hapo kwanza, ukanywe kahawa. Na ukisikia mtu ananguruma chini chini nyuma ya piano, au kitu kinalia kama mbao kavu, usiifungue redio kutafuta spika iliyopasuka. Ngurumo ile ni Gould mwenyewe, aliyekuwa akiimba huku akipiga na mafundi wa studio wakashindwa kumnyamazisha. Huo mlio mwingine ni kiti kifupi alichokatiwa miguu na baba yake, ambacho alikataa kukibadilisha.

Ni mimi, mpwa wako,
Tabora