Mshauri aliyepitia machungu asikataliwe

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu fikra niliyoisikia mara nyingi hapa Goma, kwamba mshauri wa kisaikolojia aliyewahi kuumia maishani hafai kuwahudumia wengine. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 na lava kumeza nyumba yetu kule Buhene, nilihudumiwa na mama ambaye, kama nilivyokuja kujua baadaye, naye alipoteza nyumba katika mlipuko wa Januari 2002. Hakunisimulia habari zake hata siku moja. Nilipokuwa nikikunja na kukunjua pindo la kitenge changu bila kutamka neno, hakunihimiza wala hakunipa pole za haraka. Alihamisha kiti chake hadi kwenye dirisha linaloelekea mlima, akauziba kwa mgongo wake, akangoja.

Mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan, aliyebuni tiba ya kuwasaidia watu wenye mawazo ya kujiua, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitalini ujanani kwa sababu ya kujiumiza.

Hofu ya wanaopinga naielewa, kwani kidonda kibichi kinaweza kumfanya mshauri alilie yake badala ya kusikiliza ya mwenzake, na ndiyo maana yeye pia anahitaji mtu wa kumsikiliza. Hata hivyo, nawasihi wanaoajiri washauri wasimkatae mwombaji kwa historia yake, bali wamuulize amepona vipi na nani anamtegemeza sasa.

Msomaji wenu,
Goma