Kuhusu vile vyuo vidogo vya vijijini Marekani

Habari zenu wanakikundi. Maswali ya vyuo vya jamii vya umma yamenijaa upande wa faragha, basi nayajibu hapa kwa pamoja.

Hivi ni vyuo vya miaka miwili. Joliet Junior College cha Illinois, kikongwe kati ya vile vya umma ambavyo bado vipo, kilianza mwaka 1901. Ukifikisha krediti (vipimo vya kiasi cha masomo uliyomaliza) kama 60 unapata shahada ya miaka miwili, kisha unaweza kuhamia chuo kikuu. Hapo kwenye kuhama ndipo wengi huumia, maana si kila krediti hupokelewa uendako. Mwulizeni mshauri wa masomo kabla ya kuchagua somo lolote, na jibu liwe la maandishi.

Wenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi kutoka nje, kwanza hakikisheni chuo kina idhini ya kutoa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza hiyo. Vingine vidogo havina. Halafu, vyuo vya vijijini hupenda masomo ya mtandaoni kwa kuwa wanafunzi hukaa mbalimbali, lakini katika zile krediti 12 ambazo mwenye F-1 lazima asome kila muhula mnahesabiwa somo moja tu la mtandaoni. Hili watu hulipuuza sana.

Mabweni ulizieni mapema, usafiri pia. Bila gari ni shida. Ila madarasa ni madogo na mwalimu atakujua kwa jina, na mimi hilo nalithamini kuliko jengo la fahari.

Nitumieni majina ya vyuo mnavyovitaka kufikia Ijumaa jioni. Kwa maandishi jamani, si sauti.