Vijana wa Msitu wa Kijiji, Kilwa: safari imesogezwa

Habari za jioni ndugu zangu,

Zoezi la kupima mipingo sasa ni Jumamosi, siyo Ijumaa. Tukutane ofisi ya kijiji saa 12:30 asubuhi. Kamati ya maliasili watatuazima futi kamba. Shina linapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na mti ambao haujafikia kipimo hauwekwi alama ya kuvunwa, hata mnunuzi alie vipi.

1. Chai na maji: sh. 2,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi jioni.
2. Viatu vya kufunika na mikono mirefu. Upupu umekauka, shauri yako.
3. Mapanga mawili yanatosha.

Dada zetu, safari hii mshike daftari na futi, sufuria tutabeba sisi.

Andika "Nipo" au "Sipo" kabla ya kesho saa 2 usiku, nijue bodaboda ngapi za kuagiza.