Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kaunti: Tufungulie Daftari la Maziko la 1956

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekwisha kukuandikia barua mbili, zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hii ya tatu naiandika mbele ya watu kwa sababu ya tuliyoyaona Jumanne iliyopita.

Nilimpeleka mama makaburini. Ana miaka 78 na anatembea kwa mkongojo. Pale alipokuwa akituonyesha siku zote kwamba ndipo alipolazwa babake, tulikuta kaburi jipya, udongo bado mbichi. Vibao vya chuma vyenye namba vimeng'olewa safu nzima. Nadhani vimeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Sasa baba yuko wapi?"

Huenda babu hakuguswa. Huenda yuko hatua kumi tu kutoka hapo. Daftari la maziko ndilo linalojua, na daftari mnalo ninyi. Lakini karani wenu hataki kulifungua mpaka nilete cheti cha kifo. Mheshimiwa, babu alizikwa 1956. Wakati huo kuandikisha vifo vya Waafrika hakukuwa lazima. Sharti hilo lilifika nchi nzima 1971. Nadaiwa karatasi ambayo yaelekea haikuandikwa kamwe! Nimeeleza hivyo dirishani mara sita. Mara sita nimeambiwa nirudi wiki ijayo, na kila safari ni nauli na kibarua cha siku nzima kilichopotea.

Katiba ya 2010 iliyaweka makaburi mikononi mwa kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 za kumjibu mwananchi. Barua yangu ya kwanza ina miezi kumi na sita. Nawe ulisimama ukumbini mbele yetu ukaahidi kwamba madaftari yote yataingizwa kwenye kompyuta kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa kiti cha pili, na nilipiga makofi. Nasikia vitabu vya baraza la zamani vilirundikwa stoo kaunti zilipoanza 2013, na mvua ikavipata. Kama ni kweli, niandikieni hivyo.

Babake babu hana kaburi tunalolijua. Alichukuliwa mpagazi wa jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, hakurudi. Sanamu ya Barabara ya Kenyatta pale Nairobi inamwahidi aliyepigania nchi kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sisi hatulijui jina lake kamili, na wapagazi wengi hawakuandikwa popote. Ndiyo maana kaburi hili moja ni zito kwetu. Mama anakumbuka kwamba jamaa mmoja alitoka kwao babu, akaomba kibali cha kuzika, akatia dole gumba, akarudi alikotoka. Mama alikuwa mtoto. Hakushika jina wala kijiji. Jina la mtu huyo likiwamo daftarini, tutajua pa kuanzia kuuliza ukoo wetu.

Mama ana sukari na presha. Sitaki fidia, wala sitaki karani afukuzwe. Tufungulie daftari la 1956, Mheshimiwa. Tutakuja siku yoyote utakayotuita, na kama kurasa zimeoza, tutasoma zilizobaki. Tufungulie tu.

Wako mwananchi,
Mjukuu wa aliyezikwa 1956