Betri za redio na dozi ya saa mbili usiku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watoto wa huku kwetu Kamachumu, wilayani Muleba.

Sisi wa Kagera UKIMWI tunaujua tangu 1983, wagonjwa wa kwanza nchini walipogunduliwa katika hospitali ya Ndolage, hapa hapa jirani. Wazee waliuita Juliana, jina la mashati yaliyovuma enzi zile. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi kwa sababu ya ugonjwa huo.

Kwa miaka sita nilikuwa mhudumu wa kujitolea katika mradi wa yatima na watoto wanaoishi na VVU. Nilikuwa na baiskeli na kaya 31. Wengi wanadhani kazi ile ni kugawa madaftari. Ni kumfuata mtoto aliyekosa kliniki, kuhangaikia cheti cha kuzaliwa, kukaa mpaka giza na baba mdogo anayetaka kuuza kibanja alichoacha marehemu.

Kaya mojawapo ni ya bibi asiyejua kusoma saa na mjukuu wake wa miaka tisa. Tulikubaliana kwamba redio ikianza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mtoto ameze dawa. Muda wote niliokuwa nikiwatembelea, hakuruka dozi hata moja.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, mradi ukafungwa, tukaambiwa turejeshe rejista. Miezi michache baadaye nilipita pale kununua ndizi. Kopo la dawa lilikuwa bado na vidonge ambavyo vilipaswa kuwa vimekwisha zamani. Betri za redio zilikuwa zimekufa, na bibi aliona haya kumwomba jirani, asije akaulizwa habari za usiku zina nini kwake.

Afisa ustawi wa jamii yuko wilayani, mbali na wazee kama huyu. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeipa halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Basi naiomba halmashauri yetu iajiri afisa ustawi wa jamii kwa kila kata, apewe usafiri, na mshahara wake utoke kwenye bajeti yetu wenyewe. Akae na watu, ajue nani redio yake imenyamaza.

Nilinunua betri, na wiki iliyofuata nikampeleka mtoto kliniki. Zimebaki kaya 30 ambazo sijazipitia.

Mhudumu wa zamani wa kujitolea,
Kamachumu, Muleba
(Jina limehifadhiwa)