Mifuko ya ufadhili wa shule zetu ianze na rejista ya wahitimu, si na ahadi za harambee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hafla za kuchangisha fedha za kuwafadhili wanafunzi wasio na uwezo, ambazo shule nyingi za mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini sasa huziandaa sambamba na mahafali. Nimefundisha sekondari katika mikoa hii hadi nilipostaafu, na hafla hizo naziunga mkono kwa moyo wote. Ninachokipinga ni desturi ya kuzijenga juu ya ahadi za watu wachache wenye majina, huku tukiwaacha nje mamia ya wahitimu ambao wangechangia kila mwezi endapo shule ingejua walipo.

Wapo wanaouliza ufadhili ni wa nini wakati ada imefutwa. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 elimu ya serikali haina ada hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo imeondolewa. Hatua hiyo imewaokoa wazazi wengi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyechaguliwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kuingia kidato cha tano hupokea fomu ya kujiunga yenye orodha ya godoro, mashuka, sanduku, sare, viatu na vifaa vya usafi, na kama ametoka Ileje akapangiwa shule ya Kagera au Tanga, nauli peke yake inaweza kumeza mauzo ya mahindi ambayo familia ilitegemea kuishi nayo hadi msimu ujao. Wapo pia wanafunzi wa shule za kata wanaotoka vijiji vya mbali, ambao hulazimika kupanga chumba mtaani, kile wanachokiita geto, wakajipikia na kujilinda wenyewe wakiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Kwa msichana, hatari ya maisha hayo haihitaji maelezo. Na anayechaguliwa kwenda chuo cha kati kusomea uuguzi au ufundi hukutana tena na ada, ilhali mikopo ya serikali kwa ngazi ya stashahada ilianza mwaka 2023/24 tu, tena kwa fani za kipaumbele.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2016/17 uliikuta Njombe ikiwa na maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, viwango vya juu kuliko vya mikoa mingine yote ya Tanzania Bara. Nyuma ya tarakimu hizo wako watoto wanaolelewa na bibi zao, na wako mabinti wa Mufindi, Kilolo na Makete waliofaulu vizuri lakini wakasafirishwa kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa sababu nyumbani hapakuwa na fedha ya godoro.

Sasa nije kwenye ahadi. Katika shule moja ambayo sitaitaja, nilikuwa mjumbe wa kamati ya harambee. Jumla iliyotangazwa ukumbini, ikapigiwa makofi na mgeni rasmi, ilichanganya fedha taslimu na ahadi, na ahadi ndizo zilizokuwa nyingi zaidi. Kwa kuitegemea jumla hiyo, wanafunzi walikwishaambiwa kwamba watafadhiliwa. Muhula ulipofunguliwa, sehemu kubwa ya ahadi ilikuwa haijalipwa, na mkuu wa shule akalazimika kumwita bibi mmoja ofisini kumweleza kwamba jina la mjukuu wake limetolewa katika orodha. Sidhani kama waliotoa ahadi walikuwa na nia mbaya. Mtu akiitwa jina lake mbele ya wageni hutamka kiasi kinachostahili meza kuu, kisha shughuli za maisha humzonga. Ndiyo maana naomba kamati zitangaze fedha iliyopokelewa tu, na zisimwahidi mtoto yeyote ufadhili kabla fedha hiyo haijaingia benki.

Lipo jambo jingine linaloniuma katika hafla hizi, nalo ni kuwasimamisha jukwaani watoto watakaofadhiliwa na kutaja kwamba huyu ni yatima na yule mzazi wake ni mgonjwa. Mtoto huyo kesho atakaa darasani na wenzake walewale. Uteuzi ufanywe na walimu pamoja na serikali ya kijiji anakotoka mwanafunzi, na mchangiaji aonyeshwe hesabu, si uso wa mtoto.

Kuhusu mafanikio ya wahitimu, risala zetu nazo zinahitaji marekebisho. Shule ya wasichana ya Loleza ina haki ya kujivunia kwamba Dkt. Tulia Ackson, aliyechaguliwa kuwa Spika wa Bunge mwaka 2022 na Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani mwaka 2023, alisoma pale, na ni vema wasichana walioko madarasani walisikie jina hilo. Lakini Malangali imekuwapo tangu 1928, na Iyunga na Ifunda zimetoa mafundi kwa miaka mingi. Wahitimu wa shule kama hizo hawawezi kuishia kwenye majina matano ya risala. Yuko muuguzi anayeendesha zahanati ya kijiji, yuko fundi umeme, yuko mkulima wa parachichi wa Rungwe, yuko mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, na wako walimu wasiohesabika. Hawa hawaalikwi kwa kuwa hakuna aliyeandika walikokwenda, na kwa maoni yangu wao ndio uti wa mgongo wa mfuko wowote utakaodumu.

Majina yao yapo tayari katika rejista za kuandikisha wanafunzi. Kinachotakiwa ni kamati ndogo ya wahitimu, wawili au watatu kwa kila mwaka wa kumaliza, iyapitie na kutafuta namba za simu. Wakipatikana wahitimu 200 tu wanaotoa shilingi 5,000 kwa mwezi kwa njia ya simu, mfuko unapata shilingi milioni 12 kwa mwaka, fedha ambayo mkuu wa shule anaweza kuipangia matumizi kabla muhula haujafunguliwa. Mfuko uwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), akaunti isiyoweza kutolewa fedha kwa saini ya mtu mmoja, na taarifa ya kila muhula inayobandikwa kwenye mbao za matangazo za shule na kutumwa kwa kila mchangiaji, hata yule aliyetoa elfu moja. Godoro na nauli vilipwe moja kwa moja kwa muuzaji na kwa kampuni ya basi. Waliofadhiliwa nao waandikwe, ili wakipata kazi waombwe kuchangia kama wahitimu wengine, bila kutangazwa kwamba waliwahi kusaidiwa.

Mahafali ya kidato cha nne yanakaribia, na wakuu wa shule wanaweza kuianza kazi ya rejista sasa bila kusubiri bajeti. Naomba waanze na miaka ya zamani zaidi, kwa sababu karatasi zake zinaharibika, na walimu na makarani wanaowakumbuka wanafunzi hao bado wanaweza kupatikana na kuulizwa.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya