Milio ya vifaa vya umeme majumbani: tupewe njia ya kuizima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo wateja wananiletea kila wiki, lakini sijaliona likizungumzwa gazetini. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Ngamiani, Tanga. Zamani mtu alikuja kwangu na kifaa kwa sababu kimekufa. Siku hizi anakuja na kifaa kizima, kinachofanya kazi yake bila kasoro, anakiweka mezani na kusema: "Fundi, nikatie huu mlio."

Vinaletwa maikrowevu, presha kuka za umeme, majiko ya kioo ya kugusa kwa kidole, UPS (zile betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika), inveta za sola. Feni za rimoti nazo zimo, zile ambazo ukipunguza kasi saa nane usiku zinatoa "piii" na kumwamsha mtoto uliyekuwa unamwonea huruma asipigwe na upepo. Kosa la vifaa hivi si kulia. Vinalia kwa kila jambo, dogo na kubwa, kwa sauti ile ile, na aliyevinunua hana njia ya kuvinyamazisha.

Ukifungua karibu chochote kati ya hivyo utakuta kwenye bodi kidude cheusi cha duara chenye tundu katikati. Sisi mafundi tunakiita baza. Katika zile za aina inayotumika sana mna kibati chembamba kilichobandikwa kauri maalumu. Umeme ukipita kauri inajikunja, ukikatika inanyooka, na kwenda na kurudi huko mara maelfu kwa sekunde ndiko kunakotoa mlio. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Baza inatumia kinyume chake: unaipa umeme, inatikisika.

Kibati hicho hulia kwa nguvu katika kasi yake moja ya kutikisika tu, ambayo kwa vidude vingi vya majumbani ni kati ya hezi 2,000 na 4,000, yaani mitikisiko 2,000 hadi 4,000 kwa sekunde. Kwa bahati mbaya hapo hapo ndipo sikio la binadamu lilipo kali kuliko mahali pengine popote. Mtengenezaji anafurahi, maana kwa umeme kidogo sana na kwa kifaa cha bei ndogo sana anapata sauti inayopenya mlango. Aliye upande wa pili wa mlango hakuulizwa.

Na mlio huo ni mgumu kuutafuta. Sauti nene tunaijua inatoka wapi kwa sababu inafika sikio moja kabla ya jingine; sauti nyembamba sana tunaijua kwa sababu kichwa kinaizuia, sikio moja likaisikia zaidi. Mlio wa hezi 3,000 hivi, ule mwembamba usiobadilika, uko katikati, ambako njia zote mbili ni dhaifu. Ndiyo maana utaona familia nzima imesimama sebuleni, huyu anaelekeza kwenye friji, yule kwenye king'amuzi, na kinacholia ni UPS iliyosukumwa nyuma ya kabati mwaka juzi ikasahauliwa. Hawana masikio mabovu hao. Wamepewa sauti isiyo na upande.

Kuna bibi mmoja wa Chumbageni ambaye mwanawe alimletea presha kuka ya umeme kutoka Dar es Salaam. Alikuja nayo kwangu kwa bodaboda. Nikamwamkia, akaniitikia, akasema: "Mwanangu, chombo hiki ni kizuri, maharage yanaiva upesi, lakini hakiniambii kama yameiva." Nikakiwasha, kikalia mbele yetu. Kijana wangu wa kazi aliziba masikio. Bibi alikuwa bado ananitazama akisubiri kilie.

Hakuwa kiziwi. Tulikuwa tunaongea kwa sauti ya kawaida na ananijibu vizuri. Uzee huanza kuchukua sauti nyembamba, na hizo nyembamba ndizo baza inazotoa. Kwa hiyo mpishi, ambaye mlio umewekwa kwa ajili yake, hausikii; mtoto mchanga anayelala chumba cha pili anausikia wote. Nilimtolea ile baza nikamfungia nyingine ya sauti nzito, ile ya sumaku inayonguruma badala ya kupiga filimbi. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli yake ya kuja na kurudi. Sasa anaisikia akiwa uani anachambua mboga, na wapangaji wake hawalalamiki. Kama fundi wa mtaani anaweza kufanya hivyo kwa bisibisi na solda, kiwanda kinachotengeneza maelfu ya majiko kinashindwaje?

Nimewataja wapangaji, na hapa ndipo jambo linapoumiza zaidi. Wanaobuni vifaa hivi, kwa ninavyoona, wanawaza nyumba yenye jiko lake peke yake, mlango wake, na familia moja. Wengi wetu hatuishi hivyo. Tunaishi nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bafu uani, na dari moja iliyotandazwa juu ya wote. Katika nyumba nyingi kuta za vyumba hazifiki kwenye bati. Juu ya dari ni uwazi mmoja. Chumba namba moja akipasha chai kwenye maikrowevu, chumba namba sita anajua. Maikrowevu ikimaliza inalia mara tatu, na nyingine usipofungua mlango inaendelea kukukumbusha kila baada ya muda mfupi. Mwenyewe yuko bafuni. Anayekumbushwa ni mlinzi aliyetoka lindo asubuhi na ana saa chache za kulala, au muuguzi aliyekesha wodini. Nimewahi kuletewa maikrowevu na watu wawili kwa pamoja, mwenye nayo na jirani yake, na jirani ndiye aliyelipa ufundi.

Kukatika kwa umeme nako kunaleta yake. Umeme ukienda, UPS inaanza kulia: kwanza kwa kupumzika, halafu betri ikikaribia kwisha, mfululizo. Mwenye duka la stesheneri anaihitaji habari hiyo, ahifadhi kazi ya mteja kabla kompyuta haijazima. Lakini akishazima kompyuta na kufunga duka, UPS inamlilia nani? Nyingi zina kitufe cha kuinyamazisha, na ninapowaonyesha wateja wanashangaa. Kitufe hicho hakina alama, au njia yake imeelezwa kwenye kijitabu cha herufi ndogo, kwa Kiingereza na Kichina. Ni hivyo hivyo kwa baadhi ya maikrowevu: ukibana kitufe fulani kwa sekunde kadhaa mlio unazimika kabisa. Wapo watu waliolipa fundi avunje waranti kwa kufungua kifaa ambacho kingenyamaza kwa kidole kimoja, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwa Kiswahili.

Nisieleweke vibaya. Sikubali kukata kila mlio, na wateja wangu wanalijua hilo hata wakinuna. Familia moja ililetewa kero na friji yao mpya: inalia kwamba mlango uko wazi, na mlango umefungwa. Vijana wakanitaka niende nikatoe baza. Nilipofika nikapitisha karatasi kati ya raba ya mlango na fremu. Upande wa juu karatasi ikashika, upande wa chini ikateleza bila kuguswa na kitu. Raba ilikuwa imejikunja. Mlango kweli ulikuwa wazi, kwa uwazi mdogo ambao jicho halioni, na baridi ilikuwa inatoka usiku na mchana. Tena ndani ya friji ile baba wa nyumba alikuwa anaweka insulini yake, ambayo kabla ya kufunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Nilinyoosha raba kwa maji ya moto, ikakaa, friji ikanyamaza yenyewe. Ningeikata baza siku ile, mzee angeweza kuwa anajidunga dawa iliyoharibika na hakuna ambaye angejua.

Kwa hiyo kengele ya friji la dawa siigusi. Ya friji la chanjo kwenye zahanati siigusi hata nikibembelezwa. Rimoti ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inapolia kwamba uniti zinakwisha, hiyo ni habari ambayo mtu anaihitaji, na ni heri imfikie jioni maduka yakiwa wazi. Milio mingine huwa naanza kwa kubandika utepe juu ya tundu la baza. Sauti inashuka, haifi, na mwenye kifaa akitaka kubadili mawazo anabandua. Kukata ni hatua ya mwisho, na nakata ile milio tu ambayo haiokoi mtu wala mali.

Hatari ya milio mingi wenzetu wa hospitali wanaijua vizuri. Mashine zikilia muda wote kwa mambo madogo, masikio ya wahudumu yanazoea, na siku ya jambo kubwa mlio unapita kama ile mingine. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha kengele za vifaa tiba, IEC 60601-1-8, kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020 kiliongeza sauti zinazofanana na jambo lenyewe: tatizo la moyo lina sauti inayokumbusha mapigo ya moyo, la upumuaji lina sauti ya pumzi. Mtu anajua kinachoendelea kabla hajaangalia kioo. Majumbani bado maji yakimwagika kwenye jiko la kioo, chai ikiwa imepata moto, na kitufe kikibonyezwa tu, vyote vinasema "piii".

Na wala hatuhitaji kuvumbua. Tangu mwaka 2010 kuna kiwango cha kimataifa, ISO 24500, kinachohusu milio ya vifaa vya matumizi ya nyumbani, kwa kuzingatia hasa wazee na watu wenye usikivu hafifu. Kinatofautisha mpangilio wa mlio wa kuthibitisha kwamba umebonyeza, wa kwamba kazi imekwisha, na wa kukutahadharisha. Ndugu yake, ISO 24501, kinaeleza ukubwa wa sauti. Japani walikuwa na kiwango chao cha namna hiyo tangu mwaka 2002. Shirika letu la Viwango Tanzania, TBS, ni mwanachama wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, na huwa linatoa rasimu za viwango ili wananchi watoe maoni. Mimi maoni yangu ni haya, na nayatoa hadharani.

Kila mlio usiohusu usalama uwe na njia ya kuuzima na kuupunguza, na njia hiyo ionekane kwenye kifaa chenyewe. Kifaa kikumbuke kwamba nimeuzima mlio wake. Umeme ukikatika na kurudi kisianze upya kupiga kelele, maana kwetu umeme unakatika. Milio ya hatari isifanane na milio ya kawaida, na isiwe myembamba kiasi cha kumpita mzee. Maelezo ya kuzima mlio yawepo kwa Kiswahili, hata kama ni mistari mitatu kwenye stika. Waagizaji wa Kariakoo wanaweza kuanza bila kusubiri kanuni. Wao ndio wanaoongea na viwanda, wao ndio wanaochagua modeli gani ipande kontena. Wanajua kuuliza wati ngapi na rangi gani. Waulize na hili.

Nasema sasa kwa sababu muda unakwenda. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ukiwa na lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mimi naunga mkono kwa moyo wote. Nimeona mama zetu wanavyokohoa moshi wa kuni, na majiko ya umeme ninayoyatengeneza yanakula umeme kidogo kuliko watu wanavyoogopa. Lakini majiko haya yataingia kwenye vyumba vya kupanga, kwenye zile nyumba za dari moja, mawili matatu kwa kila ukumbi. Namna yatakavyolia itaamuliwa na modeli tunazozipokea miaka hii.

Kwa wasomaji wenzangu: unapokwenda kununua, usikubali kuonyeshwa boksi tu. Mwambie muuzaji achomeke kifaa kwenye umeme, kiache kimalize kazi, usikilize. Kisha muulize mlio huu unazimwaje. Asipojua, afungue kijitabu mkiwa wote hapo hapo dukani, kabla hujatoa pesa. Na kama nyumbani kuna mzee atakayekitumia, nenda naye, kilie mbele yake.

Wako,
Fundi wa vifaa vya umeme,
Ngamiani, Tanga.